Barua ya wazi: Mtoto mwenye usonji hukua, huduma zetu hazikui naye

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Elimu, Afya, Serikali za Mitaa na Watu Wenye Ulemavu,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: HUDUMA KWA WATU WENYE USONJI, TANGU UTOTONI HADI UZEENI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani tumezimaliza. Tumepeleka barua masjala tukapewa namba ya kumbukumbu, tumefuatilia kwa simu, tumeitwa vikaoni, na kila mara jibu limekuwa lile lile: suala lenu linafanyiwa kazi. Sisi ni walimu wa elimu maalumu, watoa tiba kazi (wanaomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku) na wazazi. Tunayoyaandika hapa ni kazi yetu ya kila siku, na tumeyaandika kwa kina ili asitokee mtu wa kusema hakuelewa tunaomba nini.

Usonji (autism) ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana, anavyojifunza na anavyopokea sauti na mguso. Mtu huzaliwa nao, huishi nao na huzeeka nao. Hautokani na malezi mabaya, wala laana, wala chanjo. Ile makala ya mwaka 1998 iliyoihusisha chanjo ya surua na usonji ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Hauna dawa ya kuuponya. Lakini mtu mwenye usonji hujifunza, na huendelea kujifunza akiwa na miaka 5, akiwa na 15, akiwa na 35. Hapo ndipo penye malalamiko yetu. Yeye anakua, huduma tulizo nazo zinabaki pale pale utotoni.

Kila tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, hotuba zetu husema "watoto wenye usonji". Mabango husema hivyo, hata fedha hutengwa hivyo. Siku hiyo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 wakati ule leo amevuka 20, ana ndevu, na hakuna dawati hata moja linalomngoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Gawanya kwa 127, unapata kama watu 486,000. Hayo ni makadirio ya dunia tuliyoyaweka juu ya idadi yetu, hatukwenda kuhesabu nyumba kwa nyumba. Hata hivyo, nchi ambayo karibu nusu ya watu wake ni watu wazima haiwezi kuwa na usonji wa watoto peke yao.

Hoja zetu ni hizi.

1. Utambuzi unachelewa, na mlango wa kuuwahisha uko wazi.

Mtoto wa Tanzania hupelekwa kliniki akiwa na miezi 18 kupata dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela. Dodoso la awali la usonji linalotumika sehemu nyingi duniani, M-CHAT-R, limetengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Lina maswali 20 ya ndiyo na hapana: Je, akiitwa jina anageuka? Je, anaonyesha kitu kwa kidole ili mkitazame pamoja? Je, anaigiza kuzungumza na simu au kumlisha mwanasesere? Kila jibu linalotia shaka ni alama moja. Alama 0 hadi 2, mtoto yuko salama kwa sasa. Alama 3 hadi 7, mzazi anaulizwa maswali ya nyongeza. Alama 8 na kuendelea, mtoto apelekwe moja kwa moja kwa daktari. Mama yuko pale, mtoto yuko pale, kadi iko mezani. Kinachokosekana ni karatasi moja na muuguzi aliyefundishwa namna ya kuuliza.

Namna ya kuuliza ni jambo zito. Swali la kidole ndilo linalokosewa zaidi, kwa sababu mama husikia "anaomba kitu kwa kidole?" na kujibu ndiyo. Kuomba biskuti na kumwonyesha mama ndege aliyetua juu ya paa ni vitu viwili tofauti, na hicho cha pili ndicho kinachotafutwa. Muuguzi mzuri hategemei jibu tu. Anaonyesha kwa kidole picha iliyoko ukutani na kuangalia kama macho ya mtoto yanafuata kidole kwenda kwenye picha au yanabaki kwenye mkono. Dodoso halimthibitishi mtu kuwa na usonji, na kabla ya chochote mtoto apimwe masikio, maana asiyesikia naye hageuki akiitwa. Bila hatua hizi mama anaambiwa "watoto wa kiume huchelewa kusema, subiri", na anasubiri miaka minne.

2. Kitengo kipo shuleni, ufundishaji haupo.

Mmejenga vitengo vya elimu maalumu na tunashukuru. Mliandaa Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Mna Chuo cha Ualimu Patandi kinachotoa walimu wa fani hii. Kisha mwalimu huyo anaripoti shuleni, mwalimu mkuu ana upungufu wa walimu wa hisabati, na anampangia darasa la nne. Waliobaki kwenye kitengo wanalinda watoto wasitoroke. Kulinda si kufundisha.

Tuonyeshe tofauti kwa jambo dogo, kunawa mikono kabla ya uji. Kwa mtu wa kawaida hilo ni agizo moja. Kwa mtoto mwenye usonji ni kazi nane: kukunja mikono ya shati, kufungua bomba, kulowesha viganja, kuchukua sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga bomba, kujifuta. Mwalimu aliyefundishwa huanzia mwisho. Hatua saba za kwanza anazifanya pamoja na mtoto, akimshika mikono pale anapohitaji, na ya nane anamwachia. Mtoto akijifuta mwenyewe siku tatu mfululizo, anaachiwa na kufunga bomba. Wiki baada ya wiki wanarudi nyuma hadi kwenye shati. Uzuri wa kuanzia mwisho ni kwamba kila mara mtoto anamaliza kazi kwa mkono wake mwenyewe, na uji unafuata papo hapo.

Tumeona yanayoiharibu. Mwalimu anasema "nawa", matroni anasema "osha mikono", bibi nyumbani anasema "jisafishe". Kwa mtoto hayo ni maagizo matatu. Mtu mzima anarudia agizo kila sekunde mbili, wakati mtoto anahitaji kama sekunde kumi za ukimya ili neno lifike. Kila likirudiwa, anaanza upya. Na lipo la tatu ambalo hata walimu wazoefu hulisahau: shuleni kuna ndoo ya bomba, nyumbani kuna kata na beseni. Mtoto aliyefuzu kwenye bomba anasimama mbele ya beseni kama hajawahi kufundishwa. Watu wanasema amesahau. Hajasahau. Wengi wenye usonji hujifunza jambo pamoja na mahali na chombo chake, kwa hiyo lazima lifundishwe tena kwenye beseni, na safari hii huchukua siku chache tu.

Hilo linataka mpango wa elimu wa mtu binafsi unaoandikwa pamoja na mzazi na kupitiwa kila muhula. Mipango mingi tunayoiona imenakiliwa, majina tu yamebadilishwa, na iko kabatini ikimsubiri mkaguzi. Linataka pia ratiba ya picha ukutani, picha tano au sita za siku nzima, inayofunuliwa mtoto anapoingia. Na linataka mtu wa kufikiria kengele. Shule nyingi hugonga rimu ya gari iliyoning'inia mtini. Mtoto ambaye masikio yake hupokea sauti kwa ukali zaidi husikia mlio ule kama kipigo, anakimbia, anaandikiwa "mtoro". Mwonyeshe picha ya kengele dakika mbili kabla, mkalishe mbali na mti, au mpe vizuia sauti. Tatizo kubwa la "nidhamu" linapungua bila kiboko.

3. Asiyesema anachukuliwa kuwa haelewi.

Baadhi ya watu wenye usonji hawatatumia maneno ya mdomo maisha yao yote. Wanaweza kuwasiliana kwa kadi za picha, kwa ubao wa alama, kwa kuandika, kwa simu yenye programu ya kutoa sauti. Kadi za kuanzia zinatosha kumi: maji, chakula, choo, naumwa, acha, nisaidie, nyumbani, nje, bado, nimemaliza. Zichapwe, ziwekewe plastiki ngumu, zifungwe kwenye pete moja ya chuma, na zikae kiunoni mwa mtoto. Zikikaa kwenye droo ya mwalimu ni sawa na kumfunga mdomo. Na msiogope kwamba kadi zitamzuia kusema, atakayesema atasema. Tunasisitiza kadi ya "acha" kuliko zote, kwa sababu mtu asiyeweza kusema acha hawezi kujilinda dhidi ya anayemdhulumu.

4. Balehe inakuja na mfumo unaondoka.

Hapa ndipo tunapoumia zaidi.

Kati ya miaka 12 na 18 mwili unabadilika, na hakuna anayemfundisha. Msichana mwenye usonji anapaswa kujua pedi kabla ya hedhi ya kwanza: avae pedi kavu dakika chache kila siku azoee mguso wake, afundishwe kubadilisha kwa hatua za picha zilizobandikwa ndani ya mlango wa choo, ajue inatupwa wapi. Tukisubiri siku ya damu tumechelewa, kwa sababu ataichukulia kuwa jeraha. Mvulana afundishwe wazi kipi ni cha chumbani peke yake na kipi ni cha mbele za watu. Alichoruhusiwa akiwa na miaka 7, kama kukumbatia kila mgeni, kitamletea kesi akiwa na 17. Wote wafundishwe nani anaruhusiwa kuwagusa, wapi, na kwa sababu gani.

Kisha shule inaisha. Kitengo kinamwambia mzazi kijana amekuwa mkubwa. Sekondari haina kitengo, chuo cha ufundi kinataka cheti, na kijana aliyekwisha jifunza kuandaa meza, kufua na kufuata ratiba anakaa sebuleni na televisheni. Ndani ya mwaka mmoja mengi yanapotea. Tumesikia methali ya samaki mkunje angali mbichi ikitumiwa kama hukumu, kwamba aliyevuka utoto ameshakauka. Kwa watu wenye usonji methali hiyo inapotosha. Wengi wao hupata stadi kubwa baada ya miaka 18, ilimradi afundishaye asiondoke.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Mtu mwenye usonji hukwama kabla ya kuifikia asilimia hiyo, mlangoni pa usaili. Anaulizwa "hebu jieleze", haangalii watu machoni, anajibu swali neno kwa neno, anaondoka. Mbadala wake unajulikana: jaribio la kazi la siku tatu hadi tano mahali penyewe. Kupanga bidhaa rafuni, kupakia, kuingiza takwimu, kuoka, kutunza vitalu vya miche. Kazi yoyote yenye mwanzo na mwisho unaoonekana, msimamizi mmoja, na maelekezo yaliyoandikwa au kuchorwa. Mwelekezaji akae naye wiki za mwanzo siku nzima, kisha nusu siku, kisha apite mara moja kwa wiki. Akiondoka ghafla wiki ya pili, ajira hiyo itavunjika, na mwajiri ataapa kutomchukua mwingine.

Kazini mtu huenda kwa daladala. Kijana anaweza kufundishwa: rangi ya mstari wa gari lake, nauli kamili mfukoni, kiti karibu na mlango, neno "shusha". Ataweza. Kisha siku moja gari linakatisha ruti, konda anawashusha wote njiani, na kijana aliyejifunza njia moja anasimama barabarani akijipiga kichwani huku watu wakipiga kelele "mwizi" au "mvuta bangi". Ndiyo maana tunafundisha pia safari iliyoharibika, kwa makusudi, mara kadhaa, tukiwa hatua kumi nyuma yake. Na ndiyo maana tunaomba askari na makondakta wafahamishwe: mtu asiyekutazama, anayerudia maneno yako, anayeyumbayumba, usimshike kwa nguvu na usimpigie kelele. Punguza watu, ongea kwa maneno machache, soma kadi ya utambulisho iliyoko shingoni mwake.

5. Hospitali inamjua mtoto, haimjui mtu mzima.

Kliniki ya watoto ikimwachisha, kinachobaki mara nyingi ni dawa za kutuliza. Dawa kama risperidoni inaweza kupunguza hasira kali na kujiumiza. Haitibu usonji, na huongeza njaa na uzito. Uzito upimwe kabla ya dozi ya kwanza na kila anaporudi. Tumeona vijana wanaotumia dawa kwa miaka bila kupanda mzani.

Mtu asiyesema akianza ghafla kujipiga au kukataa kula, swali la kwanza la daktari liwe "anaumwa wapi?" Angalia meno, masikio, choo kilichofunga. Kumbukeni pia kifafa, ambacho huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine na kinaweza kujitokeza mara ya kwanza wakati wa balehe. Anayezubaa sekunde kadhaa bila kuitika huenda hajifanyi.

6. Wazazi wakifa.

Hakuna swali tunaloulizwa zaidi na akina mama kuliko hili: tukifa, mtoto wetu ataishije? Ndugu hugawana nyumba, naye mwenye usonji anahamishwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine kama mzigo. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, inatambua uwezo wake wa kisheria, yaani wa kujiamulia na kusaini mambo yake, sawa na wengine na inaitaka dola impe msaada wa kuutumia. Kwenye dirisha la benki na la kitambulisho cha taifa hatujauona msaada huo.

Tunajua majibu tutakayopewa.

Mtasema hakuna bajeti. Dodoso la kliniki ni karatasi, kadi kumi ni gharama ya kuchapa na plastiki, kumrudisha mwalimu wa elimu maalumu kwenye kitengo chake ni barua moja ya uhamisho wa ndani. Gharama iliyopo sasa hamuioni kwa sababu inabebwa na mama aliyeacha kazi.

Mtasema hakuna wataalamu. Ni kweli ni wachache, ingawa chuo cha tiba kazi cha KCMC Moshi kinaendelea kuwatoa na halmashauri nyingi hazina nafasi ya kuwaajiri. Lakini Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yameandaliwa ili yaendeshwe na watu wasio mabingwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuyatoa akisimamiwa vizuri.

Mtasema wazazi wanawaficha watoto. Wapo. Mzazi aliyezungushwa ofisi nne na kurudi mikono mitupu humfungia mtoto ndani, na jirani yake akiona hivyo hata safari haianzi.

Kwa hiyo tunaomba:

(a) Dodoso la usonji liingizwe kwenye ziara ya miezi 18, likiambatana na upimaji wa usikivu na orodha ya mahali pa rufaa kwa kila mkoa.

(b) Walimu wa elimu maalumu wasihamishwe kwenda madarasa ya kawaida bila mbadala, na mpango wa mtu binafsi ukaguliwe kwa kumwangalia mtoto badala ya faili.

(c) Kila wilaya iwe na mahali pamoja pa kuanzia ambapo kijana wa miaka 14 na kuendelea ataandikiwa mpango wa kuvuka kwenda utu uzima: stadi za nyumbani, usafiri, ufundi, kazi. Vyuo vya ufundi stadi vimpokee kwa jaribio la vitendo.

(d) Kitita cha huduma chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 kitaje kwa jina tiba kazi na tiba ya lugha kwa watu wenye usonji, bila kikomo cha umri.

(e) Mikopo ya asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu imfikie pia mtu mzima mwenye usonji kwa kusaidiwa na mtu aliyemchagua, bila kutakiwa kujieleza kwa mdomo mbele ya kamati.

(f) Takwimu za usonji zikusanywe kwa makundi ya umri, wakiwemo waliovuka miaka 18 na waliovuka 60.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, likitaja afisa anayehusika kwa kila kipengele na tarehe ya kuanza. Dodoso, mfano wa pete ya kadi na mfano wa mpango wa kuvuka tumeshaviandaa. Tukiitwa tutakuja navyo, kwa nauli zetu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa elimu maalumu, watoa tiba kazi na wazazi wa watu wenye usonji,
Dar es Salaam.